Mafua kwa Mgonjwa wa Presha na Moyo

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huzidi huku Milima ya Upare, na karibu kila nyumba ina mtu anayepiga chafya. Kwa wengi wetu mafua huisha yenyewe baada ya siku 7 hadi 10. Lakini kwa mwenye presha au ugonjwa wa moyo, dawa ya mafua yaweza kumdhuru kuliko mafua yenyewe.

Tumfikirie bibi aliyeteremka Same siku ya gulio, pua zimeziba na kichwa kinauma. Anaingia duka la dawa na kusema, "Nipe za mafua." Hasemi kwamba anatumia vidonge vya presha, na muuzaji hamwulizi.

Dawa nyingi za kuzibua pua zina pseudoefedrini au fenilefrini. Hizi hubana mishipa ya damu ili uvimbe wa pua upungue. Lakini haziishii puani: presha yaweza kupanda na moyo kwenda mbio. Ibuprofeni na diklofenaki nazo huzuia chumvi na maji mwilini, na hupunguza nguvu ya dawa za presha. Mwenye moyo dhaifu aweza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi.

Tufanye nini basi?

1. Tumwambie muuzaji kwanza: "Nina presha," au "Nina ugonjwa wa moyo," na tumwonyeshe dawa tunazotumia.

2. Kwa homa na maumivu, parasetamoli ya kawaida ndiyo nafuu zaidi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Vile vinavyoyeyuka kwa povu tuviache, kwa kuwa vina sodiamu, ile iliyomo katika chumvi.

3. Tusiache dawa za presha au za moyo kwa sababu ya mafua.

4. Chai yenye tangawizi yetu ya Mamba Miamba hutuliza koo. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza. Aliyepimiwa kiasi cha maji ya kunywa asikizidishe.

Kifua kikibana, pumzi zikikatika, au mdomo na mkono upande mmoja ukilegea, tusingoje asubuhi. Twende hospitali mara moja, kwani kutoka milimani safari ni ndefu.

Jioni hii tumwulize babu au bibi: leo umemeza dawa gani?