Ndia Kuu: Ukuu wake hauko katika upana

MGENI anayetoka Ngome ya Yesu, Mombasa, na kuingia Ndia Kuu hana budi kujiuliza ukuu wa njia hii uko wapi. Gari moja likipita, mwenda kwa miguu hujibanza ukutani.

Jibu limo katika jina lenyewe. 'Ndia' ndiyo 'njia' kwa Kimvita, lahaja ya wenyeji wa Mombasa. Njia hii ilikuwa kuu kwa sababu ya ilikoelekea: iliunganisha ngome, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na bandari ya kale.

Wareno hao walijenga ukuta kuyakinga makazi yao upande wa nchi kavu. Mtaa huo uliitwa Gavana, nao wenyeji walikuwa na mji wao upande wa kaskazini. Barabara kuu ya Wareno iliitwa La Raposeira, yaani pango la mbweha, na wanahistoria huihusisha na Ndia Kuu ya leo. Mwaka wa 1631, Sultani Yusuf bin Hassan alipoiteka ngome, Wareno wa mtaa huo walikimbilia nyumba ya watawa wa Augustino. Wengi hawakunusurika.

Leo mgeni asitarajie kukuta nyumba za Mreno. Nyingi zilizopo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao zinazodhihirisha ufundi wa Kihindi. Basi atazame juu. Chini ni maduka ya vinyago, ambayo hayatofautiani sana na ya kwingineko.

Atazame pia nyufa. Kuta hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikashikiliwa na boriti za mikoko. Chokaa hupitisha unyevu, ukuta ukanyonya maji na kukauka. Saruji huuziba. Unyevu na chumvi ya bahari hubaki ndani, jiwe likamumunyuka na ncha za boriti zikaoza, ilhali nje ukuta unang'aa. Mwandishi huyu naye aliwahi kuusifu ukuta wa aina hiyo kwa uimara wake.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mwenye nyumba peke yake. Mtaa huu umehifadhiwa kisheria, hivyo hawezi kubomoa atakavyo, na fundi stadi wa chokaa au wa roshani hapatikani kwa urahisi kama mfuko wa saruji.

Hapa si makumbusho. Wazee wameketi barazani, watoto wanatoka chuoni. Salamu itangulie, na kamera isubiri ruhusa.

Karibu na bandari ya kale ipo Leven House, yenye jina la manowari ya Uingereza iliyofika Mombasa mwaka wa 1824. Kando yake ngazi zinateremka hadi majini.