Michezo ya vita vya majini: Nani achague shabaha?

KATIKA michezo mingi ya kompyuta ya vita vya majini, mchezaji hubonyeza manowari ya adui na mizinga yote huigeukia. Makamanda halisi hawakuwa na uwezo huo.

Januari 24, 1915, katika mapigano ya Dogger Bank, Bahari ya Kaskazini, Admirali David Beatty wa Uingereza aliamuru kwa bendera kila manowari yake ishambulie ile iliyolingana nayo katika safu ya Wajerumani.

Nahodha wa Tiger alielewa vingine. Aliilenga Seydlitz, iliyokuwa tayari ikishambuliwa na Lion, na Moltke ikaachwa ipige mizinga bila bughudha.

Baadaye ishara zilieleweka vibaya tena. Waingereza waliizamisha Blücher, iliyokuwa imekwisha kulemaa, huku manowari nyingine tatu kubwa zikiponyoka.

Mchezo wa Ultimate Admiral: Dreadnoughts, uliokamilika mwaka 2023, humwachia mchezaji kuchagua shabaha. Uwezo huo hupendeza, lakini hufuta kosa la aina ya Tiger.

Hata hivyo, kumnyima mchezaji uamuzi bila maelezo humfanya aone programu ni mbovu. Suluhisho ni amri ichelewe au ipotoke, na sababu ionekane: moshi, umbali au bendera isiyosomeka.