Nilijipima chumbani, nikajiona kidume!

Msomaji wangu, wiki hii nimeamua kujianika mwenyewe kabla wale wa kijiweni hawajaniwahi.

Nina miaka sita ndani ya ndoa, mtoto hatujabahatika. Miaka yote hiyo aliyekuwa anapimwa ni mke wangu. Kapimwa homoni, kapigwa picha ya mirija, siku ile alirudi nyumbani kajikunja kwa maumivu. Na mama yangu huku anapiga simu: "Mwanangu, mti hauzai, unaungojea nini?" Dada zangu nao tayari wana binti wa kunitafutia. Mimi kimya. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujitolea.

Mwezi wa tatu shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuja likizo kutoka Uingereza. Akaniita pembeni, akanipa kiboksi. "Shemeji, dada yangu wamemchokonoa vya kutosha. Hiki kinapima mbegu za kiume, unajipimia nyumbani."

Jamani, kile kiboksi kilikaa kabatini wiki tatu chini ya soksi! Woga tu.

Siku nilipojipa moyo nikafuata maelekezo. Unakaa bila kukutana na mkeo siku mbili hadi saba, sio chini, sio zaidi. Sabuni na mafuta marufuku, vinaua mbegu. Ukishajaza kijikopo unasubiri kama nusu saa, maana shahawa zinatoka nzito kama uji wa wanga, mpaka zilegee. Halafu unadondosha kwenye kipimo, mithili ya kile cha mimba cha akina mama. Cha kwangu mstari ukitokea, maana yake una mbegu milioni 15 au zaidi katika kila mililita moja.

Mstari huo hapo! Nikatoka kifua mbele. "Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Mimi mzima. Tatizo si langu."

Hakujibu. Akaenda jikoni kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Usiku akaja na kile kikaratasi nilichokitupa kwenye pipa. "Mume wangu, umesoma huku nyuma? Kimehesabu tu. Hakijasema kama zinatembea."

Kweli bwana. Vingi vya vipimo hivi vinahesabu wingi, basi. Havioni mwendo, havioni umbo, havijui kama mirija yako imeziba wapi. Vipo vya kuunganisha na simu vinavyoonyesha mwendo, lakini hata hivyo havimwondoi daktari.

Tukaenda hospitali, safari hii wote wawili. Ukitoa sampuli nyumbani inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, kopo umelibana mwilini lisipoe. Kwa foleni za Dar nikaona isiwe tabu, nikatolea chooni palepale huku watu wanagonga mlango. Yaliyonipata humo naomba yabaki humo.

Majibu: wingi milioni 24, safi, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini milioni 16. Lakini zinazokwenda mbele zinatakiwa zisipungue 30 katika kila 100. Zangu 12. Zilizobaki zinazunguka palepale au zimelala. Tukarudia baada ya wiki kadhaa, maana kipimo kimoja hakitoshi, hata homa ya majuzi inaweza kuzishusha. Zikawa 10.

Daktari akanisimamisha, akapapasa, akakuta mishipa ya damu upande wa kushoto wa korodani imevimba na kujikunja. Inapandisha joto, na mbegu hazipendi joto. Inafungwa kwa operesheni. Sigara akanipiga marufuku. Akaniuliza pia kama nachoma zile sindano za homoni za vijana wa kunyanyua vyuma, maana zinajaza misuli huku zinafunga kiwanda cha mbegu.

Nikamwambia kwa kujitetea, "Dokta, lakini nguvu ninazo!" Akacheka. Akasema mtu anaweza kuwa simba chumbani na kopo lake lisiwe na mbegu hata moja. Ugumba na uhanithi ni vitu viwili, sisi wanaume tunavichanganya ndiyo maana tunaogopa kupima. Na karibu nusu ya ndoa zinazohangaika hivi, mwanaume ana mchango wake.

Operesheni ni mwezi ujao. Mbegu mpya zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kipimo kingine ni baada ya miezi mitatu au zaidi. Inaweza kusaidia, inaweza isisaidie. Daktari hakunidanganya.

Jumapili nikampigia mama. "Mama, ule mti ni mimi." Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Mpe simu mkeo."

Waliongea dakika ishirini, mlango umefungwa. Walichoongea sijaambiwa hadi leo.