Kiporo cha Sikukuu na Maneno Tunayoyapoteza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Madarasani methali hiyo huelezwa kuwa wito wa kuweka fedha, mavuno, na hata maneno. Jikoni, hata hivyo, haina nafasi kubwa, na hasa jiko la pwani katika mwezi wa Machi, joto la mchana linapopita nyuzi 30. Chakula kilichokwisha kupikwa ni akiba inayooza, tena inayooza kwa saa, si kwa siku. Wala hakuna wakati ambapo akiba hiyo huwa nyingi kupita matumbo ya watu kama siku za sikukuu.

Tuuchukue mji wa Marereni uwe mfano wetu. Uko kaskazini ya Malindi, kwenye barabara iendayo Garsen, katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Wengi wanaujua kwa mabwawa ya chumvi, ambamo maji ya bahari huingizwa na kuachiwa jua mpaka chumvi ibaki peke yake. Ni mji wa Wagiriama, Waswahili, Wabajuni, na wageni wa bara waliofuata kazi. Waislamu na Wakristo wanakaa ua kwa ua, na sahani ya pilau ya Idi haiulizi dini ya anayebishiwa hodi.

Hebu msomaji aifuate sahani hiyo moja. Pilau imeteremshwa mekoni saa 6 mchana. Wenyeji wamekula, wageni wamekula, na saa 9 mtoto anatumwa kwa jirani, sahani imefunikwa kwa kawa au kwa sahani nyingine. Jirani naye amekwisha kula mchana huo. Anaipokea kwa shukrani, anaiweka mezani, na watu wake wanaila saa 2 usiku. Kinachobaki kinarudishwa katika sufuria ndogo. Kesho saa 1 asubuhi kinapashwa moto, watoto wanakila na chai ya mkandaa. Tangu pilau ile kuteremshwa zimepita saa 19, na yule anayeila asubuhi hajui hesabu hiyo, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Ametajiwa neno moja tu: kiporo.

Mimi ni mtu wa lugha, si daktari, na neno hilo ndilo linalonishughulisha. Kiswahili hakikuwa maskini katika jambo hili. Tunalo neno kiporo, tunalo mwiku, tunalo bariyo. Kamusi zetu huyafasiri haya moja kwa jingine, kana kwamba lugha ilijipumbaza ikakitaja kitu kimoja mara tatu. Yote matatu yanahusu chakula cha jioni kinacholiwa asubuhi yake; yaani ndani ya neno mna saa. Aliyesema huu ni mwiku alikwisha kusema kwamba chakula kimelala usiku mmoja, na si zaidi. Pilau iliyopikwa juzi si mwiku, hata ikiwa bado inanukia iliki.

Kisha kuna makombo, na hapa vijana wengi wanachanganya. Makombo ni yale yaliyobaki katika sinia baada ya watu kula, yaliyokwisha kuguswa na mikono na pengine na vinywa. Chakula kilichobakizwa sufuriani kabla ya kupakuliwa hakistahili kuitwa hivyo. Tofauti hiyo wengine waliiona kuwa ya heshima tu, kwamba mgeni hapewi makombo. Ni ya afya pia. Mikononi na puani mwa watu wazima kabisa hukaa bakteria waitwao Staphylococcus aureus, ambao wakiingia chakulani na kukaa katika uvuguvugu hutoa sumu isiyovunjwa na moto wa jikoni. Mama aliyekataza makombo yasirudishwe sufuriani hakulijua jina hilo la Kilatini, na hakulihitaji.

Leo mwiku na bariyo vinasikika kwa nadra sana katika vinywa vya wanafunzi wetu, na kiporo chenyewe kimehamia uwanja wa mpira. Magazeti ya Tanzania yamezoea kuandika kwamba timu fulani ina michezo miwili ya viporo, maana yake michezo iliyoahirishwa. Sina ugomvi na waandishi wa michezo. Ni sitiari nzuri, na lugha hai hufanya hivyo. Lakini kiporo cha mpira kinaweza kusubiri miezi miwili kisiumize mtu.

Jirani wa maneno hayo ni kitenzi kulala. Chakula hulala, kisha huamka kikiwa kingine. Maziwa yakilala tunafurahi: maziwa lala yakafupishwa yakawa mala, na Kenya nzima inayanunua madukani kwa jina hilo. Wali ukilala una bahati yake. Wali wa nazi una bahati ndogo zaidi, kwani tui halivumilii joto, na wapishi wa pwani hupenda kuupika wa kutosha mlo mmoja. Hali mbaya nazo zina vitenzi vyake. Chakula huchacha, yaani hugeuka ladha kikawa kikali. Nyama na samaki huvunda, na uvundo wake hutangulia mlangoni. Mkate huota kuvu. Mtoto anayejua kuvitenga vitenzi hivi anao uchunguzi mzima wa maabara katika pua na ulimi wake. Anayejua kusema imeharibika tu, huyo amepewa darubini yenye kioo kimoja kilichopasuka.

Sasa tuje kwenye kupasha moto, ambako ndiko hatari inakojificha. Pasha ni kitenzi kilichozaliwa na pata: kumpasha mtu habari ni kumfanya aipate, na kukipasha chakula moto ni kukifanya kiupate moto. Moto kiasi gani? Kitenzi hakisemi. Aliyeiweka sufuria juu ya makaa mawili mpaka ubavu wake ukawa vuguvugu amekipasha chakula moto, na sarufi inamuunga mkono. Kuchemsha ni habari nyingine. Chemka ni jambo linaloonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, na mtu hawezi kudai amechemsha mchuzi ambao haukutokota. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mambo matano juu ya usalama wa chakula. Humo limeeleza kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida la chumbani, kwamba vijidudu huzaana kwa kasi baina ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na kwamba chakula kinachorudiwa kipate angalau nyuzi 70 mpaka ndani. Marereni nyumba nyingi hazina kipimajoto cha jikoni. Zinacho kitenzi kuchemka, ambacho kwa mchuzi kinatosha.

Kwa wali hakitoshi, na hili ndilo ningependa walimu walishike. Punje za mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole mahali penye joto, mbegu huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu inayomfanya mtu atapike baada ya saa chache. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza waliufuatilia ugonjwa huu mpaka kwenye mikahawa ya Kichina, ambako wali ulichemshwa kwa wingi, ukaachwa nje, kisha ukakaangwa kila mteja alipoagiza. Ulikaangwa kwa moto mkali sana na bado watu waliugua, kwa maana sumu ile ikishatolewa, moto wa jikoni hauiondoi. Basi kinachouokoa wali si moto wa asubuhi. Ni saa zile za usiku: uliteremshwa lini, ulipoa kwa haraka kiasi gani, ulitandazwa katika sinia pana au uliachwa umejifunga katika sufuria kubwa ya arusi ambayo kitovu chake kinabaki na uvuguvugu mpaka usiku wa manane. Imani kwamba moto husafisha kila kitu ina mizizi mirefu kwetu. Kwa wali imani hiyo ni ya hatari.

Wapo watakaosema dawa ni kumwaga. Nadhani wanaosema hivyo hawajawahi kukaa na mtu anayelipwa kwa siku mabwawani. Kumwaga chakula kwa Mwislamu ni israfu, kwa Mgiriama ni matusi kwa aliyelima, na kwa mfuko wa yeyote ni hasara. Wengine husema dawa ni friji. Hilo ni jibu la mwenye friji, na mwenye fedha za kulilipia umeme.

Afadhali tuwatazame watu waliokatazwa moto kwa sheria, wakalazimika kufikiri. Wayahudi hawawashi moto wala hawapiki siku ya Sabato, tangu jua la Ijumaa linapotua mpaka nyota zinapoonekana Jumamosi usiku. Hatuwazungumzii watu wa mbali mno: jiwe la msingi la sinagogi ya kwanza ya Nairobi liliwekwa mwaka 1912, na karibu na Mbale nchini Uganda wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Katika sikukuu nyingine sheria yao hulegea kidogo: mtu aweza kupika kitakacholiwa siku ileile, kwa moto uliokuwa ukiwaka tangu awali, lakini hapiki leo kwa ajili ya kesho. Sikukuu ikiangukia Ijumaa, mkate na kitu kilichopikwa hutengwa siku moja kabla yake, kuwa ishara kwamba maandalizi ya Sabato yalikwisha kuanza. Hapo basi kila chakula kina saa yake, na saa hiyo inajulikana na nyumba nzima.

Kwa mlo wa Jumamosi mchana, Wayahudi wa Morocco waliinjika chungu cha nyama, dengu na mayai Ijumaa, wakakiacha juu ya moto mdogo usiku kucha. Wanakiita dafina. Msomaji wa Kiswahili atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Neno hilo ni la Kiarabu, lenye maana ya kitu kilichofukiwa, nasi tunalo lilelile kwa maana ya mali iliyozikwa ardhini. Kwao kilichofukiwa ni chungu, kwetu ni dhahabu. Chungu hicho, kwa kuwa hakipoi, hakipiti kamwe katika ule uvuguvugu ambamo vijidudu huzaana. Waliotunga sheria walikuwa wakiilinda ibada, tumbo likanufaika.

Jambo jingine litawachekesha watu wa Marereni. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika yapata mwanzo wa karne ya 3, una sura inayouliza chungu cha moto kifunikwe ndani ya kitu gani ili kisipoe. Inatenganisha vitu vinavyoongeza joto, ambavyo imevikataza, na vile vinavyolihifadhi tu, kama nguo na vumbi la mbao la seremala. Miongoni mwa vilivyokatazwa, pamoja na samadi, chokaa na mchanga, imo chumvi.

Kufunika chungu kwa nguo hakukuwa kugeni kwetu pia. Tulikuwa na kupalia, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko ili wali uive kwa juu na kwa chini. Tulikuwa na sufuria iliyoviringishwa blanketi ikimsubiri baba arudi bahari. Siku hizi kuna makapu yaliyoshonewa matambara ndani, yanayofundishwa katika vikundi vya akina mama: maharage huchemshwa, huingizwa kapuni, na kuendelea kuiva bila kuni. Hotipoti nazo zimejaa katika arusi zetu. Vyombo hivi ni vizuri kwa sharti moja, kwamba chakula kiingie kikiwa kimetoka kuchemka na kitolewe kingali cha moto. Hotipoti iliyojazwa pilau vuguvugu saa 9 na kufunguliwa saa 4 usiku imekuwa kitalu cha vijidudu, chenye maua ya kupendeza ubavuni.

Sera yetu ya elimu inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake mpaka gredi ya 3, kisha Kiingereza kinachukua nafasi. Kwa hiyo mambo ya vijidudu, joto na uhifadhi wa chakula humfikia mtoto wa Marereni kwa Kiingereza, naye anarudi jioni katika nyumba inayopika, inayobakiza na inayopasha kwa Kiswahili na Kigiriama. Daraja baina ya pande hizo mbili halijajengwa. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye hana maabara wala jiko, anaweza kulianza kwa zoezi la dakika 40 wiki moja kabla ya Idi au Krismasi. Wanafunzi waende nyumbani wakawaulize bibi zao majina ya chakula kilichobaki, Kigiriama na Kibajuni vikiwemo, na waandike kwa kila jina: kimepikwa lini, kimeguswa na nani, kinaweza kukaa mpaka saa ngapi. Warudi wayalinganishe majibu ubaoni. Na siku ya sikukuu yenyewe, mtoto atakayetumwa na sahani kwa jirani afundishwe kuongeza maneno machache baada ya hodi: "Shikamoo mama, hii pilau ya saa 6."