Ukili ni Kazi, Wala Si Kupitisha Wakati

Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, na Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Wengi walidhani kwamba siku ile kikapu kingerudi sokoni kwa heshima yake ya zamani, na kwa hakika mlango ulikuwa wazi. Walakini kilichoingia si kikapu. Ulioingia ni ule mfuko mbadala wa kitambaa kisichofumwa, utokao kiwandani kwa maelfu, ambao nao asili yake ni plastiki ya namna nyingine.

Yafaa tuulize kwa nini. Wako wasemao kwamba watu hawapendi tena vitu vya jadi. Hilo hatulikubali, maana twawaona wageni na wenyeji wakivinunua Unguja na Dar es Salaam. Sababu iliyo kweli ni nyepesi zaidi. Mwenye duka akitaka vikapu mia mbili vya kipimo kimoja kabla ya mwisho wa mwezi, hajui aende kwa nani. Akifika kijijini atapata kumi na viwili, visivyolingana hata viwili, na bei atatajiwa baada ya viatu vyake kutazamwa kwanza.

Na tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa wako ndugu zetu wa mjini wanaodhani kikapu huota mtini. Huku pwani msusi hukata makuti machanga ya mkindu kabla hayajakunjuka. Huyaanika, huyachana yakawa chane nyembamba, na zile zinazotakiwa kuwa na rangi huzichemsha. Ndipo husuka ukili, utepe mrefu unaokwenda pima kwa pima. Nao ukitosha hushonwa duara juu ya duara hata kikapu kikapata umbo. Ukili huo huo hutoa mkeka, msala, kawa na kanda. Iringa mambo ni mengine: wanawake wa Kihehe hufuma vikapu vyao kwa milulu, na mkono wao hauwezi kuchanganywa na wa pwani. Kote kuwili mama huhesabu chane, huongeza na kupunguza, bila kalamu wala karatasi, na ua la rangi likaja kukutana mahali pake. Kumwita mtu huyo asiye na elimu ni kumvunjia heshima.

Basi hapa ndipo penye uchungu. Tuchukue mfano. Kikapu kimemchukua msusi siku tatu, naye amekiuza kwa fedha ambazo kibarua wa ujenzi huzipata kwa siku moja. Maana yake amejilipa theluthi ya ujira wa kibarua, na bado hajatoa gharama ya ukindu, rangi na nauli. Ukimwuliza habari ya faida atakujibu kwamba ameuza. Nasi wafanyakazi, ambao tungegoma kama jambo hilo lingetokea kiwandani kwetu, twasimama mbele ya mama huyo tukiomba atupunguzie!

Kwa hiyo usasa tunaousema si kuutupa mkindu na kukimbilia mashine. Chombo cha kwanza cha kisasa ni daftari, ambamo msusi ataandika siku aliyoanza, siku aliyomaliza, na kila senti iliyotoka. Pasipo hesabu hiyo hakuna bei, ila kubahatisha. Kisha iwepo kalibu ya mbao, ili kikapu cha leo kifanane na cha mwezi ujao. Bitana, zipu na vishikio vya ngozi humfanya mwenye kazi ya ofisi akichukue kikapu bila haya. Rangi isichuje nguoni. Chane zikauke barabara, kwa maana kikapu kilichofungwa kibichi huota ukungu melini, na mnunuzi wa ng'ambo hataagiza mara ya pili. Simu nayo, ambayo karibu kila nyumba inayo, yaweza kupeleka picha na kupokea malipo bila mtu kuhangaika na mabasi.

Rwanda wametuonyesha. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake wengi, wajane miongoni mwao, walikaa pamoja kusuka. Ndugu wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links, na tangu mwaka 2005 vikapu viliuzwa katika maduka ya Macy's huko Marekani. Duka la namna hiyo halinunui kimojakimoja. Si ajabu kwamba agaseke, kikapu chao cha jadi, kimo hata katika nembo ya taifa lao.

Kenya yatupa onyo. Kiondo cha mkonge kilipopata sifa nchi za nje, viliingia viondo vya kuigiza vilivyofumwa kwa mashine barani Asia kwa bei ya chini. Mashindano ya urahisi msusi hayawezi. Atashinda kwa uimara tu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tumeshika vikapu vipya ambavyo ukili wake umelegea kabla ya kufika nyumbani.

Mambo haya hayafanywi na mtu mmoja. Ishirini wakiungana katika ushirika waweza kupokea agizo la mia mbili, kukagua kazi ya kila mmoja na kukataa iliyo mbovu. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na hiki ni kimoja. Mchuuzi tusimtukane ovyo, maana nauli na hasara ni zake. Ila akikuta wasusi wenye daftari atazungumza lugha nyingine.

Limebaki la mkindu wenyewe. Hupenda mabonde yenye maji, na mabonde hayo ndiyo tunayoyafyeka kulima mpunga. Mti unaokatwa kuti la moyoni mfululizo hudhoofika. Mche hautoi chane mwaka uliopandwa. Basi kikundi kitakachoanza kazi masika haya kianze na miche pembeni mwa bonde, kabla ya kutafuta wanunuzi.