Riwaya za upelelezi za Kiswahili: kwa nini ushauri wa mkutubi bado unahitajika

Msomaji anaingia katika maktaba ya umma, anafika mezani kwa mkutubi na kuomba kitabu kinachofanana na kile alichokirudisha juzi. Kile cha juzi kilikuwa na maiti, mashaka na mpelelezi aliyefumbua fumbo katika kurasa za mwisho. Ombi hilo ni dogo, lakini kwa msomaji wa Kiswahili jibu lake si jepesi. Riwaya nyingi za upelelezi zilizopendwa nchini Tanzania na Kenya zilichapishwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, na nakala zake ni nadra madukani. Anayeweza kujua kilichobaki rafuni, na kinachomfaa nani, ni mkutubi.

Maktaba na mpelelezi: chimbuko moja

Uhusiano wa riwaya hizi na maktaba ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1948 kulianzishwa East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake Nairobi na kuzihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Shirika hilo lilichapisha vitabu, lakini pia lilipeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba na kuwaazima wasomaji vitabu kwa njia ya posta.

Shirika hilohilo liliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa kazi yake iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Ndiyo inayohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi ya Kiswahili.

Baadaye kazi ya maktaba iliangukia mikononi mwa taasisi za kila nchi, kwa sheria zilizopitishwa Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967.

Nani aanze na kitabu gani?

Mkutubi mzuri hujibu ombi kwa swali: je, msomaji anataka kufikiri au anataka kukimbia? Riwaya ya fumbo humpa dalili moja moja na kumwachia apime mwenyewe nani ni mkosaji. Katika riwaya ya kusisimua, mara nyingi adui anajulikana mapema, na mashaka yaliyobaki ni kama atazuiwa kwa wakati.

Anayetaka fumbo huelekezwa kwa Muhammed Said Abdulla. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na rafiki aitwaye Najum ubavuni, ana deni kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Hata hivyo, dunia yake ni ya Unguja: mashamba, undugu, ndoa, urithi na siri za nyumba kubwa. Katika riwaya ya kwanza, tajiri mwenye mashamba anakutwa amekufa mahali panapoogopwa kwa sababu ya mizimu. Wengine wanatetemeka, Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu.

Zilizofuata ni pamoja na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Kila kisa kinajitegemea, kwa hiyo anayekosa cha kwanza anaweza kuanza na chochote kati ya hivyo. Tahadhari ni moja: Kiswahili chake ni cha Kiunguja, chenye misemo mingi na mwendo wa taratibu. Msomaji aliyejifunzia lugha bara anaweza kuchoka mapema.

Msomaji huyo atafaa kuanza na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965. Ni fupi, na uchunguzi wake ni wa polisi.

Anayetaka mbio huelekezwa kwa Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba. Riwaya hizi zilizaliwa wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na ndiyo maana Kufa na Kupona (1974) inahusu siri za wapigania uhuru. Zilifuatiwa na Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981). Sentensi ni fupi na mazungumzo ni mengi. Lakini damu humwagika, na wanawake mara nyingi hutazamwa kwa jicho la wanaume, jambo ambalo mzazi anapaswa kuambiwa kabla ya kumwazimia mtoto.

Baada ya Musiba humfuata Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008. Shujaa wake, Joram Kiango, pamoja na mwenzake Neema, wanapatikana katika riwaya kama Salamu kutoka Kuzimu.

Kinachoweza kupotea

Kwa muda mrefu kazi hizi zimewekwa katika fungu la fasihi pendwa, na wahakiki wengi waliziona kuwa burudani nyepesi. Fedha za vitabu zinapokuwa chache, vitabu vya masomo hutangulia. Wakati huohuo, kitabu kinachoazimwa sana ndicho kinachochakaa kwanza: jalada hung'oka, kisha kurasa za mwisho. Riwaya ya kihistoria iliyopoteza kurasa mbili bado inasomeka. Riwaya ya upelelezi iliyopoteza kurasa hizo imepoteza jibu lake.

Sheria ya Tanzania inawataka wachapishaji kukabidhi nakala za vitabu vyao kwa maktaba ya taifa. Nakala ya namna hiyo huhifadhiwa kwa ajili ya kumbukumbu. Haiazimwi kwenda nyumbani. Kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa salama ghalani na bado kisiwe na msomaji hata mmoja. Na kitabu kisichoulizwa na mtu hakiwapi wachapishaji sababu ya kukirudisha mitamboni.

Namna ya kuomba

Msomaji anaweza kumrahisishia mkutubi kazi. Ataje kitabu cha mwisho alichokipenda na sababu ya kukipenda. Atafute jina la mwandishi kwa tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa Muhammed Said Abdulla huandikwa pia Mohamed. Asimchanganye na Said Ahmed Mohamed, mwandishi mwingine mashuhuri wa Zanzibar.

Nakala isipopatikana, ni vyema kuacha ombi kwa maandishi badala ya kuondoka kimya. Maombi ya wasomaji ni miongoni mwa mambo ambayo maktaba huyatazama inapopanga kununua vitabu. Kwa mkutubi, ombi lililoandikwa ni ushahidi kwamba Bwana Msa bado anatafutwa.