Kazi za Umeme na Kompyuta: Nani Atafundishwa?



Mwaka 2015 kiwanda cha umeme cha Matebe, kule Rutshuru, kilianza kazi, na baadaye umeme wake ukafika Goma. Pale umeme unapofika, kazi mpya zinafuata: kufunga nyaya, kutengeneza simu, kutumia kompyuta. Je, nani atafundishwa?

Kama mkubwa anaandika majina ya ndugu zake tu, wengine watasema: "Kabila letu limenyimwa." Ugomvi unaanza hapo, kabla fundi hajashika hata waya mmoja.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu wa kila Mkongomani. Mtu asionewe kazini kwa sababu ya asili, jinsia ao imani yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, kifungu cha 86, inasema: kazi sawa, ujuzi sawa, mshahara sawa. Angalia neno hilo "ujuzi". Asiyefundishwa hawezi kudai mshahara wa fundi.

Basi, mfanye hivi. Kwanza, nafasi zitangazwe sokoni, kanisani na msikitini. Pili, mtihani uwe mmoja kwa wote. Tatu, wamama waulizwe saa za masomo; mama anayelima viazi na kuteka maji mbali hawezi kufika asubuhi. Nne, majina ya waliochaguliwa yabandikwe mbele ya watu.

Wiki hii, kwenye barza yenu, ulizeni: majina yaliandikwa na nani, na kwa kipimo gani? Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni.